Bodi Niliyoishtua

Mafundi wa mitaani tuna imani moja ambayo hakuna aliyetuandikia: kifaa kisichowaka kimelala, na kazi yetu ni kukishtua. Betri ya simu iliyozima unaigusisha nyaya mbili zenye umeme mkubwa kuliko wake, unahesabu moja, mbili, tatu, inaamka, na mteja anaondoka akikuombea dua. Redio inayokoroma unaiongezea betri. Taa ya sola iliyofifia unaisukumia volti kidogo zaidi, inang'aa kama imetoka dukani jana. Kwa kazi hiyo nimewalea wadogo zangu wawili, kwa hiyo siwezi kuitukana. Ila mkono huohuo uliozoea kushtua ndio ulioua bodi ya mdogo wangu wa mwisho. Na mdomo wangu, ambao watu wanasema haujui kutulia, ukanyamaza miezi saba.

Baba alifariki nikiwa darasa la sita, mama nikiwa kidato cha pili. Tulibaki watatu kwenye nyumba ya vyumba viwili Zinga: mimi, mdogo wangu wa kiume, ambaye sasa ni utingo kwenye malori yanayolala Chalinze, na mdogo wetu wa kike, ambaye wakati ule alikuwa hapati usingizi bila kushika kanga ya mama. Ndugu wa baba walikaa kikao. Kila mmoja alikuwa tayari kuchukua mtoto mmoja. Wa kuchukua watatu hakuwepo. Nikasema hatugawanywi. Wakaniuliza tutakula nini. Jumatatu iliyofuata sikuvaa sare, nilivaa gauni la mama nikaenda Bagamoyo mjini kutafuta kazi.

Aliyenipokea ni mzee mmoja mwenye duka la kutengeneza redio na pasi karibu na soko. Babu yake alitoka Omani. Yeye mwenyewe hajavuka mipaka ya nchi hii isipokuwa kwenda Hija. Sisi ni Wakristo, lakini tangu siku ya kwanza alitaka nimwite Ami, kama watoto wa kaka yake wanavyomwita. "Ukiniita bosi," alisema, "nitaanza kukutuma kama punda." Alinituma kama punda hivyohivyo. Nilifagia, nilipanga skrubu kwa ukubwa wake, nilijibu wateja wenye hasira. Mwaka wa pili akanipa bisibisi. Mwaka wa tatu akanipa ruhusa ya kununua chupa ya rangi ya kucha.

Hiyo rangi ya kucha inahitaji maelezo. Katika duka lile kila fundi ana rangi yake. Ukifungua kifaa cha mtu, kabla hujakifunga unadondosha tone dogo pale ulipogusa, kwa ndani, upande wa chini, mahali ambapo mteja hawezi kupaona akapakwangua. Akirudi baada ya mwezi analalamika, Ami anafungua, anatazama. Kama kuna tone, kazi ni yetu, tunairudia bila maneno. Kama hakuna, huyo amepita kwa fundi mwingine. Rangi ya Ami ni kijani. Yangu ni zambarau iliyokolea, niliyoichagua kwa mama muuza vipodozi kwa sababu alisema hakuna mwanamke Bagamoyo nzima anayeitaka. Siku hizi nalidondosha lile tone bila kufikiri, kama mtu anavyokung'uta mikono akimaliza kunawa. Mdogo wangu wa kike, akiwa na miaka saba, aliiba chupa hiyo akapaka kucha zake zote ishirini siku ya kipaimara cha mtoto wa jirani. Nilimfokea mpaka akalia, halafu nikalazimika kumsafisha kwa mafuta ya taa, kidole kimoja kimoja, naye akinuna.

Kulikuwa na jambo lingine nililolizoea kama lile tone. Kitu kikiharibika pale nyumbani au kwa jirani, nilikuwa nasema ni mimi. Mdogo wangu wa kiume alipovunja mtungi wa watu, nilisema ni mimi. Daftari la mdogo wangu wa kike lilipomwagikiwa na chai, nilimwandikia mwalimu wake kwamba nimelimwagia mimi. Mtoto yatima akikosea, watu hawalioni kosa, wanaona kwamba hana mama. Mimi nilikuwa mkubwa, nilikuwa nimeshaacha shule, na lawama ikinipata haikunipunguzia kitu. Wadogo zangu walilijua hilo. Walikuwa wakinicheka: "Hata mvua isiponyesha, dada atasema ni yeye."

Yule wa kike akafaulu vizuri, akapata nafasi chuo cha ufundi Dar es Salaam, upande wa elektroniki. Mwenzake wa bwenini alinisimulia kwamba siku ya kwanza mwalimu aliwauliza wasichana kwa nini wamechagua kozi ile, na mdogo wangu akajibu, "Dada yangu ni fundi." Maneno hayo manne niliyaweka mahali. Nilikuwa nikichoka nayatoa, nayatazama, nayarudisha.

Mwisho wa wiki alikuwa anarudi Zinga, na Jumamosi tunakwenda wote dukani. Anamwamkia Ami, "Shikamoo Ami," Ami anaitikia "Marahaba, injinia," kisha mdogo wangu anakaa upande wa pili wa meza yangu na kunimwagia mambo ya chuoni. Siku moja alileta bodi ndogo ya kijani, ndogo kuliko kiberiti.

"Hii ina akili, dada. Unaiandikia maagizo kwenye kompyuta, inayashika, halafu inafanya kazi yenyewe bila kusimamiwa."

"Kama mume mzuri," nikasema.

"Umemwona wapi huyo?" Ami akadakia kutoka kwenye kiti chake, akiwa hajainua macho kwenye pasi aliyokuwa anaifungua.

Mdogo wangu akacheka, kisha akaendelea kwa uzito wake wa mtu anayefundisha. "Lakini haili kila chakula. Hii inakula volti tatu na pointi tatu tu. Sasa kuna hizi nyingine za kupachika juu yake, tunaziita shildi, na kila moja ina tumbo lake. Hii ya rilei, ya kuwashia na kuzimia taa, inataka tano. Hii ya laini ya simu inataka nne hivi, na ikianza kutafuta mtandao inameza umeme mwingi kwa mkupuo mmoja."

"Na betri yako ni ya kumi na mbili."

"Ndiyo. Kwa hiyo kila mmoja nampunguzia kiasi chake."

"Wageni watatu, sinia moja."

"Hapana dada, kila mgeni na sahani yake. Wakila sinia moja ndipo watu wanapounguza."

Akanionyesha kitu cheusi kama jino la mtoto kwenye ile shildi ya simu, kimevishwa juu ya vijiti viwili kati ya vitatu. Akakiita jampa. Ukikivisha upande wa kushoto, shildi inazungumza na bodi kwa volti tatu na pointi tatu. Ukikihamishia kulia, inazungumza nayo kwa tano. "Kule chuoni tuna bodi nyingine zinazovumilia tano," alisema. "Hii yangu haivumilii. Ukiizungumzisha kwa tano inapata joto, inakufa. Hata moshi haitoi."

Nilimsikiliza huku nafunga redio ya mteja. Nayaandika haya kwa sababu baadaye nilijaribu kujiambia kwamba sikuambiwa. Niliambiwa, na kidole chake kilikuwa juu ya ile jampa.

Kazi yake ya kumalizia mwaka ilikuwa mashine ya kutotolesha vifaranga. Alitengeneza sanduku la mbao, akaweka taa mbili ndogo za betri ndani yake, na kipimajoto cha waya. Bodi inasoma joto. Likishuka inaamuru rilei iwashe taa, likipanda inazima. Kila baada ya muda inamtumia mwenye mayai ujumbe wa hali ya joto kwenye simu, na kwa majaribio aliiwekea namba yangu. Shangazi yetu wa Ubena, anayefuga kuku, aliahidi kutoa mayai yenye mbegu. Ilikuwa mashine nzuri. Taa ziliwaka na kuzima zenyewe mchana kutwa kwenye kona ya duka, na wateja waliacha kuulizia redio zao wakauliza lini vifaranga watatoka.

Tatizo lilikuwa moja tu. Kila ilipotaka kutuma ujumbe, bodi ilizimika ikaanza upya, kama mtu anayezirai kila akitaka kusema.

"Ina njaa," nikasema. "Iongezee."

"Volti zipo, dada, nimepima. Ni ule mkupuo. Shildi ikimeza, bodi inabaki bila kitu kwa nukta moja, inaanguka. Nahitaji kapasita kubwa ya kuweka akiba pale, na kipunguzi cha shildi peke yake. Mwenzangu ananiletea kesho Jumapili. Jumatatu naonyesha."

Hayo aliyasema Jumamosi asubuhi akiwa amesimama na mkoba begani, anaondoka kwenda Ubena kuchukua mayai. Kabla ya kutoka alikata kipande cha karatasi, akakibandika kwa utepe kwenye sanduku: DADA USIGUSE. INASUBIRI KAPASITA. Chini yake akachora uso unaocheka. Ami naye alifunga upande wake saa nne akaenda harusini. Nikabaki peke yangu na lile sanduku.

Sikuwa na nia mbaya. Ningekuwa nayo ingekuwa rahisi kusimulia. Nilikuwa namwona atakavyorudi jioni na vumbi la njia kuu, amechoka, aweke trei za mayai chini, na mimi nimwambie, "Angalia simu yangu." Nilitaka siku moja, mbele ya vitabu vyote ambavyo sikuvisoma, mkono wangu ujue kitu ambacho yeye hakukijua. Hilo la mwisho sikulisema hata moyoni siku ile. Nimelipata baadaye, nilipoanza kulitafuta.

Nilizima umeme. Nikaichomoa shildi ya simu juu ya bodi, nikaihamisha ile jampa kwenda kwenye tano, maana tano ni kubwa kuliko tatu na kifaa kilichozirai kinahitaji kushtuliwa. Nyaya mbili nyembamba zilizotoka kwenye betri nikazibadilisha kwa nene. Nikarudishia kila kitu, nikawasha.

Taa ya bodi iliwaka, ikatulia. Haikuzirai. Simu yangu ikalia mezani: JOTO 37.6 SALAMA. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Muuza kahawa aliyekuwa anapita akachungulia, "Vipi, mama fundi, umeolewa?" Nikamwambia aende zake. Ujumbe wa pili ukaja. Nikausubiri wa tatu.

Haukuja. Badala yake nilisikia harufu ndogo, kama ndoo ya plastiki iliyosahauliwa juani. Niligusa kile kidude cheusi katikati ya bodi kikaniunguza ncha ya kidole. Nikachomoa nyaya, nikasubiri kipoe, nikairudisha jampa kwenye tatu, nikawasha tena. Hakuna. Nikaihamishia tena kwenye tano, maana mkono wangu haukujua kitu kingine cha kufanya. Hakuna. Leo naelewa kwamba zile nyaya nene ndizo zilizoifanya isizirai, na ningeziacha zifanye kazi peke yake ile bodi ingekuwa hai. Jampa haikuwa na kazi yoyote pale zaidi ya kuua.

Nilirudisha nyaya zake nyembamba. Nilifunika sanduku. Karatasi ilikuwa imebanduka, nikaibandika upya, na ule uso uliokuwa unacheka. Jampa niliiacha kwenye tano. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikuificha na hiyo; nadhani sehemu fulani yangu ilitaka aione, ajue, anigeukie aniulize, nami niseme. Kusema bila kuulizwa ndiko kulikonishinda.

Alirudi alasiri na trei mbili zilizofunikwa kanga. Akafungua sanduku, akawasha, akawasha tena. Akachukua mita akapima betri, kipunguzi, bodi. Nilikuwa nimeinamia redio ambayo haikuwa na ugonjwa wowote. Kisha nikasikia sauti yake, ndogo.

"Jamani."

Nikaendelea kukaza skrubu.

"Dada, nimeiacha kwenye tano. Jana chuoni nilikuwa naijaribu kwenye zile bodi nyingine, nikaihamisha. Sikuirudisha." Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. "Ni mimi. Nimeiua mwenyewe."

Mimi, niliyesema "ni mimi" kwa mtungi, kwa chai, kwa kila kilichovunjika Zinga, nilisikia maneno yale yakitoka kwa mtu mwingine, na nikaona jinsi yalivyonifunika vizuri. Nikasema, "Pole, mdogo wangu." Basi.

Jumatatu alikwenda na sanduku lisilowaka. Alisimama mbele ya walimu watatu akawaeleza kosa lake, hatua kwa hatua. Mmoja wao alimwambia kwamba fundi asiyeangalia jampa yake ni hatari kwa nyumba za watu, na akapewa muhula mwingine kurudia kazi. Mayai ya shangazi tuliyala wiki mbili. Yeye aliyala kimya. Mimi nilikuwa nayasukuma kwa chai.

Ningeweza kusema wiki ile. Ningeweza kusema iliyofuata. Kila siku niliyoiacha ipite iliifanya siku iliyofuata iwe nzito zaidi, kwa sababu sasa ningelazimika kueleza na ile niliyoiacha. Na nilimwona anabadilika. Mtu aliyekuwa anavua koti la waya kwa meno alianza kuniita nimbadilishie globu chumbani. "Angalia wewe, dada, mimi nitaunguza." Akija dukani alikaa mbali na meza, na ile kazi ya kurudia hakuianza. Ile bodi na shildi zake alizitupa kwenye droo ya chini ambayo Ami anaiita kaburini, mnamolala vipuri vilivyokufa. Miezi saba sikuifungua droo hiyo. Nikihitaji kitu cha humo, namwambia mteja hatuna.

Halafu Jumamosi moja akaja na fomu. Aliiweka mezani kwangu, akaniwekea na kalamu juu yake.

"Nimeomba kuhamia uhazili," alisema. "Wanataka sahihi ya mlezi."

"Uhazili? Wa kuchapa barua?"

"Kuchapa barua hakuui kitu, dada."

Ami akashusha miwani. "Injinia akawe karani? Nani atakuja kutengeneza hizi redio zenye akili nikifa?"

"Utapata mwenye mkono mzuri, Ami. Mimi mkono wangu unasahau."

Niliishika ile kalamu. Palikuwa na mstari wenye nukta nukta, na chini yake neno MZAZI/MLEZI. Nimetia sahihi kwenye mistari kama hiyo tangu nikiwa na miaka kumi na sita: ya kliniki, ya shule, ya safari za darasa. Mkono haukutembea.

"Haukusahau," nikasema. "Bodi niliiua mimi."

Alinitazama. Halafu uso wake ukalegea, akatabasamu kwa huruma, na tabasamu lile liliniumiza kuliko hasira yoyote ambayo ningeipata.

"Dada, acha."

"Nasema kweli. Ulikuwa Ubena. Niliihamisha jampa kwenda kwenye tano, nikidhani nitaishtua."

"Mtungi, ni wewe. Chai, ni wewe. Sasa na bodi?" Akatikisa kichwa. "Mimi si mtoto. Nakumbuka kabisa. Nilikuwa nimesimama kwenye meza ya chuo, nikaisogeza kwa kucha ya kidole gumba, nikajiambia nitairudisha. Naiota, dada. Kila mara naiota."

Hapo ndipo nilipojua nilichokifanya. Bodi ilikuwa kitu kidogo. Nilikuwa nimekaa kimya muda mrefu hivi kwamba yeye, kwa kuwa hakukuwa na mtu mwingine wa kulaumu, alikuwa amejitengenezea kumbukumbu ya jambo ambalo halikutokea, akaipa meza na kucha na maneno. Na mdomo wangu, uliosema uongo wa huruma miaka yote, sasa ulikuwa unasema kweli na haukuwa na bei yoyote kwake.

"Tia sahihi," alisema. "Fomu inarudi Jumatatu."

Sijui nini kilinikumbusha. Labda ni chupa yenyewe, iliyokuwa mbele yangu, kifuniko kimekauka zambarau. Nilisimama nikaifungua droo ya kaburini. Bodi ilikuwa chini kabisa, shildi ya simu bado juu yake, jampa bado upande wa kulia. Sikuigeuza. Niliogopa kwamba tone langu halipo, na niliogopa kwamba lipo. Nikamkabidhi.

"Ichomoe shildi. Tazama chini yake, pale vijiti vya jampa vilipochomewa."

Aliichomoa. Akaigeuza kwenye mwanga wa mlangoni. Katikati ya vituta vya risasi ya kuchomelea vinavyong'aa palikuwa na tone dogo, limekauka, rangi ya zambarau iliyoiva. Sikumbuki kulidondosha. Mkono wangu ulifanya kazi, na mkono wangu ukaitia alama kazi yake.

"Hili nililiona," alisema taratibu. "Siku ile ile nililiona. Nilidhani ni la kiwandani."

Alilikwangua kidogo kwa ukucha, akalinusa. Kisha akatazama vidole vyake mwenyewe, vyote, na nilijua anaona nini: mafuta ya taa, kitambaa, na mimi nikimfokea.

Ami alikuwa amesimama nyuma yetu. Aliitazama shildi, akanitazama. "Kushtua nilikufundisha mimi," alisema. "Kunyamaza umefundishwa na nani?"

Akarudi kwenye kiti chake, akatugeuzia mgongo, jambo ambalo kwa mtu wa adabu kama yeye lilikuwa kubwa.

"Miezi saba," mdogo wangu alisema.

"Saba."

"Nilisimama mbele ya walimu watatu nikasema mimi ni mzembe. Kwa mdomo wangu, dada. Na wewe ulinipikia ugali jioni ile, ukaniuliza kama umeiva."

"Nisa—"

"Usiseme. Usiseme kwanza." Akaiweka shildi mezani. "Mambo yote ulikuwa unasema ni wewe. Hili moja tu, hili moja lililokuwa lako kweli, ukaniachia mimi."

Nilidhani atatoka. Mkoba ulikuwa begani. Nilikuwa nimeshajiandaa kuutazama mgongo wake mpaka upotee sokoni, nikijua nastahili. Badala yake alisema, "Sogea," na aliposema hivyo hakunitazama. Nikainuka. Akakaa kwenye kiti changu, kwa mara ya kwanza tangu siku ile, akavuta taa ya meza karibu, akachukua mita yangu na kuanza kuipima ile bodi iliyokufa, kijiti baada ya kijiti.

Nilisimama kando kama mteja. Mwanamke mmoja alikuja na pasi yake, Ami akampungia mkono aje kesho. Adhana ya alasiri ikaadhiniwa, Ami akaenda kuswali, akarudi, mdogo wangu bado anapima. Alihitaji mahali pa kuandika. Akanyoosha mkono bila kutazama, akaivuta karatasi iliyokuwa karibu, akaigeuza nyuma, akaanza kuandika kwa kalamu ileile niliyoshindwa kuitumia: kijiti cha kwanza, sifuri, cha pili, sifuri, cha tatu, tatu na pointi mbili. Alikuwa amefika cha tisa nilipotambua kwamba ni ile fomu. Sijui kama yeye alitambua. Sikumwambia, na kunyamaza huko peke yake ndiko nisikokujutia.

"Shildi ni nzima," alisema mwishowe, akijiambia mwenyewe zaidi kuliko mimi. "Rilei nzima. Imekufa bodi tu, upande mmoja." Kisha, kwa sauti kavu, "Shika hapa."

Nikashika waya mweusi pale aliponionyesha. "Hapo hapo," alisema. "Usisogeze."

Muhula uliofuata alirudia kazi yake, kwa bodi mpya na sahani ya kila mgeni, na alimweleza mwalimu, mbele yangu, nani aliihamisha ile jampa. Mwalimu alinitazama, nikasema ndiyo. Vifaranga walitoka kumi na tisa. Uhazili haukutajwa tena. Ile fomu ninayo, imejaa sifuri kwa nyuma.

Hajanisamehe kwa maneno, nami sijamwomba mara ya pili. Alisema nisiseme kwanza, na bado nangoja aniruhusu. Jumamosi anakaa kwenye meza ileile, na akitoka kidogo kwenda kununua kitu anabandika karatasi kwenye kazi yake: DADA USIGUSE. Siku hizi hachori uso unaocheka. Siigusi.